Nyuma ya Mnyama wa Kutisha Kuna Mlezi Mpole

Je, umewahi kuamshwa usiku wa manane na mtoto anayelia kwamba kuna mbwa mlangoni, au buibui juu ya chandarua? Unawasha taa, unamwonyesha kwamba hakuna kitu, naye bado anatetemeka. Asubuhi ukimhoji taratibu unagundua kwamba jana alikuwa kwa jirani, na huko watoto wakubwa walikuwa wakitazama filamu ya kutisha. Mtoto ameona mnyama akishambulia watu, naye amerudi nyumbani na mnyama huyo kichwani.

Wengi wetu humjibu mtoto kwa maneno machache: "Ni uongo tu, lala." Lakini jibu hilo halimtoshi. Mbwa aliyemwona hakuwa katuni. Alikuwa mbwa wa kweli, mwenye manyoya na meno, na povu lilikuwa likimtoka mdomoni. Kama ni uongo, mbona alitaka kuuma? Hilo ni swali la maana, na mama anayejua jibu lake atamtuliza mtoto kuliko mama anayemkemea. Kwa sababu hiyo, mwezi huu tumeona vema tuwaletee habari za watu wanaofanya kazi ambayo wachache wetu tumewahi kuisikia: walezi wa wanyama wa filamu za kutisha.

Kazi yao ni nini?

Katika jimbo la California nchini Marekani, ambako filamu nyingi hutengenezwa, wako watu ambao riziki yao ni kulea wanyama na kuwafundisha kuigiza. Mwongozaji wa filamu akihitaji kunguru, panya, nyuki, nyoka au simba, huwaita watu hao. Wao huwalisha wanyama, huwafundisha, huwasafirisha, husimama nyuma ya kamera wakati wa kupiga picha, na jioni huwarudisha mabandani mwao. Majina yao huonyeshwa mwisho kabisa wa filamu, wakati watazamaji wameshainuka vitini.

Mtu angedhani kwamba ili mnyama aonekane mkali ni lazima achokozwe, apigwe au ashindishwe njaa. Kumbe wenye ujuzi wa kazi hii hufanya kinyume. Mnyama mwenye hofu hafundishiki. Atakimbia, atajificha, au atauma mtu ambaye hakukusudiwa. Basi mlezi hutumia chakula kitamu, mchezo, sauti ya upole na kurudia jambo lile lile siku nyingi. Mnyama akifanya alilofundishwa hupewa tonge, naye hujifunza kwamba kazi ile ina faida kwake. Kile tunachokiona sisi kama hasira, yeye anakiona kama mchezo.

Mbwa aliyekataa kukasirika

Mfano mzuri ni filamu iitwayo Cujo, iliyotoka mwaka 1983. Inatokana na riwaya ya mwandishi Stephen King ya mwaka 1981. Hadithi yake inamgusa mama yeyote. Mama mmoja na mwanawe mdogo wamenaswa ndani ya gari lililoharibika. Jua ni kali, maji hakuna, na nje kuna mbwa mkubwa aliyeshikwa na kichaa cha mbwa baada ya kuumwa na popo. Mama huyo anapaswa kuchagua: abaki ndani mtoto akauke kwa kiu, au atoke nje apambane na mbwa.

Mbwa waliotumika ni wa aina ya St. Bernard. Hawa ni mbwa wakubwa sana, wanaoweza kupita kilo 70, lakini sifa yao ya asili ni huruma. Walizalishwa na watawa katika milima ya Alps, na walijulikana kwa kuwatafuta wasafiri waliopotea katika theluji. Aliyewafundisha kwa ajili ya filamu hiyo aliitwa Karl Lewis Miller. Hakutumia mbwa mmoja bali kadhaa, kila mmoja akiwa na kazi anayoiweza vizuri zaidi.

Shida kubwa ya Miller ilikuwa ndogo ya kuchekesha: mbwa wake walikuwa na furaha mno. Kila walipoambiwa walirukie gari, mikia ilikuwa ikitikisika. Walipenda kazi yao, na mbwa mwenye furaha hawezi kuficha mkia wake. Ikabidi mkia ufungwe mguuni kwa uzi usioonekana, ili mtazamaji asijue siri hiyo. Na kwa nini mbwa walilishambulia gari kwa nguvu vile? Kwa sababu ndani yake waliwekewa vitu vyao vya kuchezea, nao walikuwa wakijaribu kuvifikia.

Vipi kuhusu lile povu la kuogofya? Lilikuwa ute mweupe wa mayai uliopigwa pamoja na sukari, kama tunavyofanya sisi jikoni tunapotengeneza keki. Mbwa walilipenda sana, wakawa wakililamba kabla picha haijapigwa, ikabidi wapakwe tena na tena. Kwa sehemu za hatari, alitumika mtu aliyevaa vazi la mbwa, pamoja na kichwa cha bandia kilichoendeshwa kwa mitambo. Ngurumo za kutisha hutiwa baadaye katika chumba cha sauti.

Jambo lingine la kupendeza ni kwamba Miller huyo huyo ndiye aliyefundisha wanyama wa filamu ya Babe ya mwaka 1995, hadithi ya nguruwe mdogo mpole ambayo watoto wengi wameipenda. Kwa nafasi ya Babe walitumika watoto wa nguruwe 48, kwa sababu nguruwe hukua haraka, na baada ya majuma machache yule wa kwanza hakufaa tena. Mikono ile ile iliyomlea mbwa wa kutisha ilimlea na nguruwe wa kuchekesha, na njia iliyotumika ilikuwa moja.

Karanga, nyuki na mashine ya saluni

Wanyama wengine hawana mkia wa kutikisa wala hawaji wakiitwa. Kwa hao, mlezi hutumia akili ya kujua kila kiumbe anapenda nini na anakwepa nini.

Katika filamu ya Willard ya mwaka 1971, panya wengi wanamvamia mtu. Mfundishaji wao, Moe Di Sesso, aliwafundisha kwa chakula. Na ili panya wamkwee mwigizaji kwa bidii, mwigizaji alipakwa siagi ya karanga. Mtazamaji anaona panya wakila mtu. Panya wenyewe wanakula karanga.

Mwaka 1990 ilitoka filamu ya Arachnophobia, ambamo mji mdogo unavamiwa na buibui. Walitumika zaidi ya 300 wa aina kubwa inayopatikana New Zealand, buibui wenye miguu mirefu ya kutisha lakini wasio na madhara kwa binadamu. Buibui hafundishwi kwa tonge la nyama. Walielekezwa kwa joto na baridi, na pia kwa mashine za kukaushia nywele kama zile tunazokalia saluni, maana buibui hukimbia hewa ya moto na kwenda upande unaotakiwa. Na pale buibui anaposikika akikanyagwa, sauti ile ilitokana na krispi za viazi zilizopondwa.

Nyuki nao wana mtaalamu wao. Katika filamu ya Candyman ya mwaka 1992, nyuki wanatambaa usoni na hata mdomoni mwa mwigizaji Tony Todd. Kazi hiyo ilisimamiwa na Norman Gary, mtaalamu wa nyuki wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis. Alichagua nyuki wachanga waliotoka kwenye masega saa chache tu zilizopita. Kwa macho wanafanana na nyuki wazima, lakini mwiba wao bado ni dhaifu. Hata hivyo Todd, aliyefariki mwaka 2024, alieleza kwamba aliumwa mara 23 katika filamu hizo, na kwamba alikuwa amepatana alipwe dola 1,000 kwa kila mwiba. Kwa hiyo tusidhani kwamba ujuzi huondoa hatari yote. Huipunguza tu.

Mshika nyoka aliyekulia Kenya

Mmoja wa walezi hao ana uhusiano na sisi watu wa Afrika Mashariki. Jules Sylvester alizaliwa Uingereza, lakini alikulia Kenya, na akiwa kijana alifanya kazi katika bustani ya nyoka ya Nairobi. Baadaye alikwenda Marekani akawa mmoja wa washika nyoka wanaojulikana sana katika filamu. Mwaka 2006 alisimamia nyoka wa filamu ya Snakes on a Plane, ambamo ndege iliyojaa abiria inavamiwa na nyoka wenye sumu. Nyoka halisi waliotumika walikuwa kiasi cha 450. Hata hivyo, wengi wa wale wanaoonekana wakiuma walitengenezwa kwa kompyuta. Mwigizaji mkuu, Samuel L. Jackson, alieleza kwamba mawakala wake hawakuruhusu nyoka wa kweli wasogezwe karibu naye.

Hapo tunaona kanuni nyingine ya kazi hii: pale ambapo hatari haiwezi kupunguzwa kwa ujuzi, mnyama wa kweli haruhusiwi kukutana na mtu. Huwekwa kioo katikati, au sanamu, au picha mbili hupigwa mbali mbali na kuunganishwa baadaye.

Kanuni inapovunjwa

Siyo kila mara watu wamefuata njia hiyo ya busara. Mwigizaji Tippi Hedren alionja madhara yake mara mbili, na mara ya pili alikuwa na watoto ndani ya nyumba.

Mara ya kwanza ilikuwa katika filamu ya The Birds ya mwaka 1963, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock. Ndege wengi walikuwa wamefundishwa vizuri na Ray Berwick. Lakini kwa tukio moja ambalo Hedren anavamiwa chumbani, alikuwa ameambiwa kwamba watatumika ndege wa bandia. Kama alivyoeleza katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 2016, alipofika alikuta ndege halisi, na watu waliovaa glovu nene wakamrushia ndege hao kwa siku tano. Mwisho ndege mmoja alimchana karibu na jicho. Akaangua kilio, na daktari akaagiza apumzike juma zima. Ndege wale nao hawakuwa wakicheza. Walikuwa wakitupwa, nao waliogopa kama yeye.

Mara ya pili ilitokana na mapenzi yasiyo na kiasi. Hedren na mumewe, Noel Marshall, waliamua kutengeneza filamu ya Roar kuhusu familia inayoishi na simba. Wakaanza kufuga simba nyumbani mwao California miaka ya 1970, wakiamini kwamba simba akipendwa atakuwa kama paka. Picha za mwaka 1971 zinaonyesha simba dume ndani ya nyumba pamoja na binti ya Hedren, Melanie Griffith, aliyekuwa bado msichana mdogo. Kundi likaongezeka hata kupita wanyama 100, wengi wao wasio na mafunzo ya kutosha.

Filamu ilianza kupigwa mwaka 1976 na ikatoka mwaka 1981. Katika muda huo watu wanaokadiriwa kufika 70 walijeruhiwa. Melanie alikwaruzwa usoni akahitaji upasuaji. Mpiga picha Jan de Bont alichanwa ngozi ya kichwa. Mwaka 1978 mafuriko yalibomoa uzio, simba kadhaa wakatoka, na watatu kati yao wakapigwa risasi na kufa. Baadaye Hedren mwenyewe alikiri kwamba ulikuwa upumbavu mkubwa kuleta simba karibu na watoto. Mwaka 1983 alianzisha hifadhi iitwayo Shambala, ambako simba na chui waliokuwa wamefugwa na watu waliweza kuishi bila kuigiza wala kuguswa.

Akina mama wenzetu, hapa kuna la kujifunza. Upendo peke yake haumfanyi simba kuwa paka. Mlezi mwema anampenda mnyama, lakini pia anamheshimu alivyo: anajua meno yake, anajua mpaka wake, na hamweki mtoto katikati ili kujaribu bahati.

Nani huwalinda wanyama?

Zamani filamu nyingi ziliwatumia wanyama bila huruma. Mwaka 1939, katika filamu ya Jesse James, farasi alitupwa kutoka kwenye jabali refu hadi majini, akafa. Watu walikasirika, na mwaka 1940 chama cha American Humane Association kikafungua ofisi Hollywood ili kuangalia jinsi wanyama wanavyotendewa. Tangu mwaka 1972 filamu zilizokaguliwa na kuridhisha zimeweza kuonyesha mwishoni maneno ya kuthibitisha kwamba hakuna mnyama aliyedhurika.

Uthibitisho huo ni jambo jema, ingawa haukosi kasoro. Mwaka 2013 jarida la The Hollywood Reporter lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba wanyama kadhaa waliumia au kufa katika kazi zilizokuwa zikisimamiwa na wakaguzi. Siku hizi kompyuta imepunguza mzigo huo. Katika filamu ya Crawl ya mwaka 2019, mamba wanaomzingira binti na baba yake katika nyumba iliyofurika maji walitengenezwa kwa kompyuta.

Nasi nyumbani tufanyeje?

Kwanza, tusiwe wepesi wa kuruhusu. Kujua kwamba povu ni ute wa yai hakuifanyi filamu ya Cujo iwe chakula cha mtoto wa miaka mitano. Mtoto mdogo bado hajaweza kutenganisha vizuri mambo ya kuigiza na mambo ya kweli. Tuulize watoto wanatazama nini kwa jirani, na simu ya mkononi ina nini. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Afadhali anune mchana kuliko kulia usiku.

Pili, kama ameshaona, tusimcheke wala tusimwite mwoga. Tumketishe tumweleze. Tunaweza hata kwenda naye jikoni, tukapiga ute wa yai na sukari mpaka uumuke, tukamwambia: "Unaona? Hili ndilo povu la yule mbwa. Alikuwa analilamba, na mkia wake ulifungwa kwa sababu alikuwa anafurahi." Mtoto aliyetengeneza povu kwa mkono wake mwenyewe atakuwa na jambo jingine la kukumbuka usiku.

Tatu, tusimwondolee hofu hata akakosa tahadhari. Mbwa wa filamu ana mlezi, lakini mbwa wa njiani hana. Tuwafundishe watoto wasimguse mbwa wasiyemjua, wasimsumbue anayekula au mwenye watoto, na wasikimbie huku wakipiga kelele. Kichaa cha mbwa si ugonjwa wa sinema tu. Kipo katika nchi zetu, na dalili zake zikishaanza mgonjwa karibu hana matumaini ya kupona. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, tuoshe kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo. Tusingoje kuona kama mbwa atakufa. Na mbwa wetu wa nyumbani tuwapeleke kuchanjwa.

Nne, tuangalie mikono yetu wenyewe. Katika nyumba nyingi mbwa hufungwa kutwa nzima na kupigwa ili awe mkali. Walezi tuliowasimulia wangetuambia kwamba mbwa wa namna hiyo hajafunzwa, ameogopeshwa tu, na siku moja anaweza kumuuma mtoto wa nyumba badala ya mwizi. Mbwa aliyelishwa kwa wakati, anayejua sauti ya mwenyewe, na aliyefundishwa kwa subira, ndiye mlinzi wa kuaminika.

Subira huvuta heri, nasi tunaotumia siku zetu kufundisha watoto kuvaa viatu na kusema asante tunalijua hilo. Tunarudia leo, tunarudia kesho, na fimbo haitufikishi mbali kama tulivyodhani. Karl Lewis Miller alihitaji mbwa wanaotisha, naye aliwapata kwa kuwapa chakula, mchezo na muda. Ikiwa kiumbe asiyesema anaweza kufundishwa hivyo hata akaigiza hasira asiyokuwa nayo, je, si zaidi mtoto anayetuelewa tunapomweleza?